Nani Alipe Pengo la Nauli? Kutoka UDA Hadi Mwendokasi

Kila unapozuka mjadala wa usafiri wa Dar es Salaam, hasa siku ambazo foleni ya abiria wa mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, imemwagika hadi nje ya kituo, haupiti muda mrefu kabla ya mtu kusema kwamba Serikali haijawahi kujua kuendesha mabasi na kwamba ushahidi ni UDA, shirika la umma la mabasi ya jiji. Kauli hiyo hurudiwa hata na vijana ambao hawakuwahi kuliona basi la shirika lile likiwa katika ubora wake. Mimi siikubali, na nimeona niandike kwa kirefu sababu zangu, kwa kuwa uamuzi tunaoufanya leo kuhusu mabasi ya jiji hili unategemea sana namna tunavyoisimulia historia hiyo. Ninavyoielewa, UDA haikudhoofika kwa sababu ilikuwa mali ya umma. Ilidhoofika kwa sababu ilitakiwa kutoza nauli ndogo kuliko gharama, katika jiji lililokuwa likipanuka kwa kasi, bila kuwapo fungu la uhakika la kuziba tofauti hiyo.

Kabla ya UDA palikuwa na DMT (Dar es Salaam Motor Transport), kampuni ya mabasi iliyoanza zama za mkoloni na kutaifishwa mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1974 kazi zake ziligawanywa: safari za mikoani zikapewa KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na safari za ndani ya jiji zikapewa shirika jipya la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Lilikuwa shirika changa lililozaliwa wakati mgumu mno. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda ghafla mwaka uliotangulia. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imehesabu wakazi wasiofika laki tatu. Ile ya mwaka 1978 ikakuta wamepita laki saba, na wengi wao walikuwa wakijenga mbali na katikati ya mji, mahali ambapo barabara zenyewe zilikuwa hazijafika. Kisha vikaja Vita vya Kagera, na baada yake uhaba mkubwa wa fedha za kigeni ambao kila aliyekuwa mtu mzima miaka ile anaukumbuka kwa foleni za sukari na sabuni.

Basi ni chombo kinachokula fedha za kigeni kila siku. Tairi, dizeli, bomba za injini, sahani za klachi, vyote hivyo viliagizwa kutoka nje, ilhali abiria alilipa kwa shilingi, tena nauli iliyopangwa na Serikali kwa kuangalia uwezo wa mfanyakazi wa kima cha chini. Nia ilikuwa njema na bado naiheshimu. Lakini nia njema isiyotengewa fungu humwangukia fundi wa karakana. Mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa mabasi ya jiji, niliyemfuata nyumbani kwake kuuliza habari hizi, alinieleza namna walivyokuwa wakiyachinja mabasi. Basi likiharibika gia na spea ikakosekana, liliegeshwa nyuma ya karakana. Juma lililofuata likatolewa dainamo ili jingine liwake, baadaye tairi za nyuma, baadaye viti, mpaka likabaki bodi tupu juu ya mawe. “Asubuhi tulikuwa tunafika madereva wengi kuliko magari,” aliniambia. “Unakaa kwenye benchi na sare yako safi, unangoja kama mwenzako atarudi nalo salama ili na wewe ulishike.” Nilimwuliza kama walikuwa wazembe, kama inavyosemwa siku hizi. Hakukasirika. Alinijibu tu: “Mwanangu, dereva mvivu hawezi kulisukuma basi lisilo na injini.”

Sisemi kwamba wizi na uzembe havikuwapo. Makondakta waliokusanya nauli bila kutoa tiketi walikuwapo, na mameneja walioteuliwa kwa kujuana walikuwapo pia. Ninachosema ni kwamba hata shirika lililojaa malaika lisingeweza kuongeza mabasi kwa nauli ile na kwa uhaba ule wa fedha za kigeni.

Mwaka 1983 Serikali ilikubali lililokuwa limekwisha kutokea barabarani, ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini. Hapo ndipo daladala zilipopata uhalali, na kabla ya hapo watu walikuwa wakipanda kwa kificho yale magari ya wazi yenye mabenchi yanayotazamana, maarufu kwa jina la chai maharage. Ni haki kusema kwamba daladala ziliuokoa mji. Zilifika Mbagala, Tandika, Manzese na Kimara wakati shirika halikuwa na basi la kupeleka huko, zikawapa kazi maelfu ya vijana, na mpaka leo bila hizo jiji hili lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya mwaka 2022 lingesimama kabla ya saa mbili asubuhi. Siandiki kuzibeza. Lakini anayeisifu biashara hii kama dawa ya matatizo ya mashirika ya umma inampasa aitazame vizuri hesabu, maana hesabu ndiyo injini yake halisi.

Tajiri mwenye gari anamkabidhi dereva gari asubuhi, na jioni anataka kiasi kilichokubaliwa, ndiyo hiyo hesabu, mvua inyeshe au jua liwake. Mafuta ni ya dereva. Faini za trafiki kwa kawaida ni zake pia. Ujira wake na wa konda ni kile kinachobaki baada ya hayo yote, na mara nyingi hakuna mkataba wa maandishi wa kumlinda. Ukielewa hilo, vituko vyote vya barabarani vinaeleweka bila kumtukana mtu. Gari linasubiri kituo cha mwanzo mpaka lijae, hata kama abiria wa kwanza ameshakaa nusu saa, kwa sababu kutembeza viti vitupu ni kuchoma mafuta yake mwenyewe. Linakatisha ruti na kugeuzia njiani kwa sababu upande wa pili umejaa watu. Saa nne usiku halionekani, kwa sababu wa kubeba ni wachache. Dereva anayekimbiza gari ili amuwahi mwenzake kituoni anaigombea ile fedha ya mwisho ya siku, ambayo ndiyo ya watoto wake.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu naona wanafunzi wanatajwa kwa huruma kisha wanasahauliwa. Simama katika kituo chochote kikubwa alfajiri, kabla jua halijachomoza vizuri. Daladala inaingia, konda ananing’inia mlangoni, na kabla haijasimama ameshanyoosha vidole: “Wanafunzi wawili tu! Wawili tu, wengine subirini!” Watoto kumi na watano wenye mashati meupe wanaukimbilia mlango huo mmoja, wakubwa wanawapita wadogo, begi la mmoja linabanwa kati ya watu wazima wanaosukumana. Wawili wanaingia na kuambiwa wasimame nyuma, wasikae. Waliobaki wanarudi kando ya barabara bila kulalamika, na hilo la kutolalamika ndilo linaloniumiza zaidi, maana linaonyesha wameshazoea. Wengine watapanda la tatu au la nne na kuikuta shule imekwisha kuanza kipindi, wakapewa adhabu ya kuchelewa.

Konda huyo si mtu katili. Nauli ya mtu mzima kwa njia fupi ilipopandishwa hadi shilingi 600, ya mwanafunzi ilibaki shilingi 200, kwa hiyo kila mtoto anayepanda katika saa za msongamano amechukua nafasi ambayo ingelipa mara tatu yake. Serikali iliamua, na iliamua sawasawa, kwamba mtoto asizuiwe kwenda shule kwa kukosa nauli. Kisha gharama ya uamuzi huo ikaachwa mabegani mwa kijana anayedaiwa hesabu jioni. Ukilitazama jambo hili kwa makini utaona ni pengo lile lile lililoidhoofisha UDA. Tofauti ni kwamba zamani lililipwa na karakana, na sasa linalipwa na mtoto aliyeachwa kituoni.

Shirika lenyewe la UDA liliendelea kuwapo kwa miaka mingi likiwa na mabasi machache, huku hisa zake zikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji na Serikali Kuu. Mwaka 2011 hisa zake zilizokuwa hazijagawiwa ziliuzwa kwa kampuni binafsi, mauzo yaliyozua mjadala mrefu bungeni na magazetini. Baadaye UDA pamoja na vyama vya wamiliki wa daladala waliunda UDART, mtoa huduma wa mpito wa mabasi yaendayo haraka, na miaka kadhaa baadaye Serikali ikarudisha mikononi mwake sehemu kubwa ya umiliki. Sina haja ya kuyachambua hayo yote hapa. Linalonihusu ni kwamba mjadala ule ulikuwa karibu wote juu ya nani amiliki shirika na kwa bei gani, na kidogo sana juu ya nani atagharamia safari zisizo na faida.

Mwendokasi ulipoanza mwezi Mei mwaka 2016 katika njia ya kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, nilifurahi kwa dhati, na furaha hiyo haijaisha. Kwa mara ya kwanza basi la jiji lilipewa njia yake, kituo chenye sakafu inayolingana na mlango, na dereva ambaye mapato yake hayategemei kuvizia abiria. Mgonjwa anayetembelea magongo aliingia bila kubebwa. Mwanafunzi alipanda kwa shilingi 200 bila mtu kumhesabu mlangoni. Hilo la mwisho halikutajwa sana katika hotuba, na kwangu lilikuwa kubwa kuliko kasi yenyewe.

Hata hivyo mbegu ya tatizo la zamani ilikuwa ndani yake. Awamu ya kwanza ilikadiriwa kuhitaji mabasi 305, nayo ikaanza na 140. Nauli za juu ambazo mtoa huduma alizipendekeza mwanzoni zilikataliwa, ikapangwa shilingi 650 kwa njia kuu, wakati mfumo mzima ulisanifiwa kwa matumaini kwamba nauli itabeba gharama zote za uendeshaji. Karakana iliwekwa Jangwani, bondeni mwa mto Msimbazi, na mafuriko yakaingia na kuharibu mabasi. Mabasi mengine 70 yaliyoletwa kuongeza nguvu yalikaa bandarini muda mrefu kwa sababu ya mvutano wa kodi. Kila basi linaloharibika na kukosa spea huongeza mzigo wa yaliyobaki, nayo yakizidiwa huharibika upesi zaidi. Mzee yule dereva angeutambua mwendo huo mara moja.

Majiji mengine hayafanyi miujiza. Paris ina shirika la dola, RATP, linaloendesha treni za chini ya ardhi na mabasi tangu mwaka 1949, na nauli ya abiria hailipi gharama zote. Sehemu kubwa hutoka katika kodi maalumu ya usafiri inayolipwa na waajiri wa mkoa ule tangu mwaka 1971, kwa hoja kwamba mwajiri naye hunufaika mfanyakazi wake anapofika kazini. Shirika hulipwa kwa mkataba na mamlaka ya mkoa, ambao unaeleza huduma ipi itolewe na kwa kiwango gani. Hatuna utajiri wa Paris. Lakini kuandika mkataba unaotaja wazi kiasi cha pengo na mlipaji wake hakuhitaji utajiri.

Kwa hiyo ningependa mambo mawili yafanyike, sasa ambapo njia ya Mbagala na nyinginezo zinaongezwa na watoa huduma wapya wanaingia, wa umma na wa binafsi. Kwanza, mtoa huduma, awe nani, alipwe kwa kilomita ambazo mabasi yake yametembea kwa ratiba, na tofauti ya nauli ya mwanafunzi irejeshwe na fungu la Serikali lililopitishwa na Bunge, badala ya kuachwa ijitafutie mlipaji. Pili, kila mwezi itangazwe hadharani idadi ya mabasi yaliyotoka karakana kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa kila njia, ikiwekwa kando ya idadi iliyotakiwa kutoka. Idadi hiyo meneja wa karakana anayo kila siku katika daftari lake. Kuibandika ukutani katika vituo vya Kimara na Mbagala hakugharimu zaidi ya karatasi na gundi, na mwezi ambao itaanza kushuka tutajua mapema kwamba kuna mabasi yanachinjwa, wakati bado yanaweza kurudishwa barabarani.