Kilo 11 tangu Januari

Jamani, leo mzani umesoma 83. Januari ulisoma 94, na presha ilikuwa inapanda.

Wengi mnaniuliza inbox natumia dawa gani. Situmii dawa wala chai ya kupunguza tumbo. Nilianza na sukari. Nilikuwa naweka vijiko vitatu kwenye kikombe, vikombe vinne kwa siku. Hesabuni wenyewe: vijiko 12, karibu gramu 50, na hapo soda ya mchana bado. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki. Sasa nakunywa chai ya tangawizi na mchaichai bila sukari kabisa, na ladha naisikia vizuri kuliko zamani.

Ugali sijauacha, na sitauacha. Nimebadilisha sahani tu. Zamani ugali ulikuwa mlima, mchicha kijiko kimoja pembeni. Siku hizi mchicha au matembele yanajaza nusu ya sahani, ugali kama ngumi yangu, halafu maharage au dagaa. Mafuta napima kwa kijiko, simimini tena kutoka kwenye dumu. Jioni nashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, natembea.

Kilichoniumiza ni maneno. "Umekonda, unaumwa?" Mama mwenyewe alilia kwenye simu. Nilikwenda nyumbani, nikakaa naye jikoni, nikamwonyesha kadi ya kliniki yenye vipimo vya presha. Alizisoma namba moja moja kwa kidole. Kisha akanipakulia mboga kwanza.