Futikamba Katikati ya Mchicha

Mtoto wa Newala humfundishi kwamba maji ni uhai. Mwezi wa Agosti, bomba likikaa siku nyingi bila kutoa kitu, anaingia darasani akisinzia kwa sababu alfajiri alikuwa bondeni kwenye foleni na dumu lake. Wakati huo nilikuwa nafundisha sayansi darasa la sita, katika shule ya msingi iliyo karibu na ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania, upande ule ambao ukisimama unauona mto Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Mada ilikuwa kutunza vyanzo vya maji. Kitabu kilikuwa na mchoro wa mto unaotiririka kutoka msituni, na hapo ndipo tulipokwama, maana juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Mvua inanyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, mchanga unaimeza, na muda si mrefu unapita na viatu vikavu. Hata maji ya bomba yanasukumwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema, kule bonde la Kitangari. Watoto walijua maji yako chini. Yamefikaje huko chini, hilo hakuna aliyekuwa amewaambia.

Nikaweka kitabu pembeni nikatafuta chupa ya maji, ile kubwa ya lita sita. Niliikata juu, chini nikashindilia udongo wa mfinyanzi, juu yake nikajaza mchanga wa hapohapo uwanjani. Ubavuni, pale mchanga unapokutana na mfinyanzi, nikatoboa tundu kwa msumari wa moto. Tukamwaga maji hadi tundu likaanza kudondosha. "Hii ndiyo chemchemi," nikawaambia, na huku juu ndiko tunakoishi sisi.

Kwanza tulimwaga maji ya bluu ya kufulia. Bluu ikanasa mchangani, chini yakatoka maji meupe, darasa zima likashangilia. Kisha nikamwaga maji yenye unga mwekundu wa juisi ya pakiti. Mwanzoni yakatoka meupe vilevile, na kijana mmoja wa nyuma akaanza kusema mchanga wa Newala ni kiboko. Hakumaliza. Tone likaja na wekundu kidogo, linalofuata likazidi, mwisho tundu likawa linatoa juisi. Tukamimina maji safi, jagi baada ya jagi, ili tuisafishe chemchemi yetu. Kengele ya mapumziko ililia bado inatoa pinki.

Hapo sikuhitaji maelezo mengi. Mchanga huzuia uchafu wenye chembechembe, na vidudu vingi vya chooni hufa njiani kabla havijafika mbali, lakini kilichoyeyuka hauwezi kukizuia. Naitreti, kemikali inayotoka chooni na kwenye mbolea, husafiri na maji, na ikishaingia haitoki upesi. Niliwaambia pia kwamba chupa yangu inatia chumvi: maji ya chini ya uwanda yako mbali sana, na mvua ya leo haifiki bondeni kesho wala keshokutwa. Ndiyo maana aliyeharibu na atakayekunywa huenda wasionane kabisa.

Kilichofuata ni safari ya bondeni, na ndicho ninachokikumbuka zaidi. Mwalimu wa michezo alituazima futikamba ya mita 30, ile ya kupimia uwanja wakati wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Nilitaka watoto wazione hizo mita 60 kwa miguu yao, kwa sababu ubaoni ni tarakimu tu.

Njia ya kushuka ni ya mawe yanayoteleza, na kina mama walikuwa wanapanda na ndoo kichwani bila hata kushika pembeni. Chemchemi ilikuwa chini ya mkuyu mkubwa: maji yanatoka kwenye mwamba, yanaingia kwenye kisanduku cha saruji chenye ufa, ziada inatiririka kwenda kwenye bustani. Dumu za njano zilipangwa mstari. Kando ya maji palikuwa na chupa tupu ya dawa ya wadudu. Tuliuliza ni ya nani, kila mtu akasema ni ya vijana wanaolima nyanya kule chini, na vijana wenyewe hawakuwepo.

Tukafunga ncha ya futikamba kwenye mzizi wa mkuyu. Vuta ya kwanza iliishia kwenye matete. Vuta ya pili ikapita katikati ya tuta la mchicha, ikavuka matembele, na mita ya 60 ikaangukia karibu na mlango wa kibanda. Bustani yote ilikuwa ndani.

Bibi mwenye bustani akainuka na jembe lake mkononi.

"Shikamoo bibi!" watoto wakamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba wajukuu zangu. Mnanipimia, nani anataka kununua?"

Swali la haki kabisa. Futikamba ikionekana kijijini, mtu anajua shamba limeshakwenda. Nilimweleza kwamba tunajifunza tu, nikamtajia sheria. Akaniuliza imekuja lini, nikamwambia mwaka 2004. Akacheka. Alikuwa amelima pale tangu anaolewa. Kisha akamwona aliyeshika mwisho wa futikamba, naye alikuwa mjukuu wake wa damu.

"Na wewe umo?"

"Mimi nimetumwa tu, bibi."

Watoto wakacheka mpaka wa kwenye foleni wakageuka. Bibi hakukasirika. Alinyanyua jembe akaelekeza juu, kwenye ukingo wa uwanda ambako mabati ya shule yetu yalikuwa yanang'aa. "Sawa mwalimu. Mmenipima mimi. Choo cha shule yenu si kiko pale, juu ya kichwa changu? Na mikorosho yote ile mnayoipulizia salfa, mvua ikija inaipeleka wapi? Hiyo mnaipima kwa kamba ipi?"

Kabla sijafungua mdomo, binti mmoja aliyekuwa mkimya darasani mwaka mzima akasema, "Mwalimu, ile rangi nyekundu tuliimwaga juu."

Sheria ile naiunga mkono hadi leo. Bomba la kupulizia dawa likioshwa hatua tatu kutoka kwenye jicho la maji, hakuna mchanga wa kuokoa chochote. Lakini mita 60 ni duara linalochorwa kumzunguka aliye bondeni, na huyo mara nyingi ndiye mwenye kipande kidogo kuliko wote. Sisi tunaokata miti huku juu na kuchimba vyoo ukingoni hatuguswi na futikamba. Nilimwambia bibi hivyo hivyo. Akasema basi niwaambie na wenzangu. Samadi ya kuku iliyorundikwa karibu na maji alikubali kuihamisha upande wa kibanda, na mjukuu akaachwa abebe, adhabu ya kutumwa.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa amewakuta wanafunzi wangu nyuma ya vyoo, wameshusha jiwe lililofungwa kamba shimoni, wengine wanapima hatua kutoka chooni hadi ukingoni.

"Mwalimu, kuna mkaguzi anakuja ambaye mimi sina habari naye?"

"Ni sayansi, mkuu."

Wakati huo vigingi vya vyoo vipya vya wasichana vilikuwa vimeshachomekwa ardhini, upande uleule wa ukingo. Watoto wakamweleza habari ya chupa, wote kwa wakati mmoja, akawanyamazisha akamchagua mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, akawarudisha darasani. Siku chache baadaye vigingi vilihamishiwa ng'ambo ya uwanja wa mpira. Mwenyewe alisisitiza kwenye kikao kwamba sababu ni ardhi ya ukingoni kumomonyoka.