Besi Iliyopotea Handsworth

Ilinichukua siku mbili kuiharibu amplifaya ile, na muda wote huo nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba naitengeneza.

Ilikuwa Februari 1997, mtaa wa Handsworth, Birmingham. Nilikuwa nimetimiza miaka minne Uingereza. Usiku kiwanda cha mikate, asubuhi usingizi, na saa chache zilizobaki nilirudi kwenye kazi yangu halisi, ufundi redio, niliojifunza Tanga kwenye kibanda cha Barabara ya 12, Ngamiani. Kibao mlangoni sikuweka. Mtu akitengenezewa deki yake ikapona, alimwambia mwenzake, basi.

Ndivyo alivyonifikia mzee mmoja Mjamaika aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtaa mzima ulimwita Pops, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuja amevaa kofia na tai, nikajua kuna msiba. Rafiki yake waliyejuana naye miaka thelathini na tano alikuwa amefariki. Wajamaika wana usiku wa tisa, kama sisi tulivyo na hitima: watu hukusanyika kwa marehemu, hula, hupiga dhumna, na muziki huenda mpaka alfajiri. Muziki msibani ulinishtua kidogo, nikanyamaza. Marehemu ndiye aliyeunda kwa mkono wake mtambo wa muziki, amplifaya na spika zake, ambao yeye na Pops waliuzungusha Birmingham miaka ya 60 na 70, kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu, kwa sababu kumbi nyingi za mjini hazikutaka kumwona mtu mweusi mlangoni. Pops alitaka usiku huo upigwe mtambo ule ule.

"Zimebaki siku sita," akasema. "Lala kidogo."

Amplifaya tuliitoa kwenye banda la bustani, tukaibeba wawili kama wabeba jeneza. Ilikuwa bati tupu lililokunjwa kwa mkono, na ndani yake utando wa buibui, transfoma mbili, na valvu nne za KT88, zile chupa nene za kioo ambazo zikiwashwa hutoa mwanga wa kibatari. Mchoro hakuna. Nikaipa umeme taratibu, ikanguruma kama lori linalopanda Lushoto.

Ngurumo ile kila fundi anaifahamu. Kapasita za kuchuja umeme zilikuwa zimekauka kwa kukaa miaka mingi bila kazi. Nikazibadilisha, ngurumo ikakoma. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini fundi mpya huanza kazi kwa kumsema fundi wa kwanza, na mimi nilikuwa fundi mpya. Nikatazama kapasita nyingine, zile za kupitisha sauti kutoka valvu moja kwenda ya pili. Nazo zilikuwa zimechoka, zikivujisha, hilo kweli. Ila juu yake zimeandikwa 0.1. Mimi kichwani nilikuwa na amplifaya ya gitaa ya bendi moja ya Tanga, niliyoifungua mara nyingi mpaka nikaijua kama mfuko wangu wa shati, na ile ilikuwa na 0.01. Nikasema, huyu marehemu, Mungu amrehemu, sufuri moja ilimponyoka. Nikalehemu za kwangu.

Siku ya tatu tukaunganisha spika mbili sebuleni kwa Pops, masanduku makubwa kama makabati ya nguo. Akaleta kreti la santuri ndogo, zile za tundu kubwa katikati, akapachika kiplastiki kwenye tundu na kuweka ya kwanza.

Lazima niseme nilichokijua mimi wakati ule. Kwetu vijiweni reggae ilikuwa Bob Marley, na Bob Marley alikuwa ukombozi: tulisimuliana alivyoimba usiku Zimbabwe inapata uhuru, 1980, kama vile tulikuwepo. Kabla yake sikudhani kulikuwa na kitu. Sasa kilichotoka kwenye spika kilikuwa tarumbeta, saksafoni na tromboni zikikimbizana, na piano ikidokoa pale tu unapoinua mguu, si pale unapoukanyaga. Ilinijia harufu ya beni. Babu yangu alikuwa mpiga beni Pangani, na nilivyosikia wale wapulizaji nikajua hawa nao walifundishwa kupiga magwaride kwanza, raha ikafuata baadaye.

Sikukosea sana. Hao walikuwa The Skatalites, kundi lililoundwa 1964 na kuvunjika mwaka uliofuata, na kadhaa kati yao walilelewa Alpha, shule ya watawa wa Kikatoliki mjini Kingston iliyochukua watoto wa kiume wa maskini na kuwapa kazi za mikono na bendi. Mpiga tromboni wao, Don Drummond, alitoka hapo. Pops aliniambia kulikuwa na mtawa pale, Sista Ignatius, aliyekuwa na santuri zake mwenyewe na kuwapigia wavulana. Muziki wenyewe ukaitwa ska. Pops akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaanza kufunga bisibisi zangu.

Kisha akaweka santuri ya pili.

Hii ilikuwa taratibu. Waimbaji watatu, sauti laini, gitaa linachekecha kwa mbali. Nzuri sana, nikasema. Pops hakusema kitu. Alikuwa anatazama kikombe chake cha chai, ambacho alikuwa amekiweka makusudi juu ya sanduku la spika. Kikombe kimetulia kama kimegandishwa kwa simenti.

"Besi iko wapi?" akauliza.

"Ipo. Inasikika."

"Sikuuliza kama inasikika. Nimeuliza iko wapi." Akaupeleka mkono kwenye kifua chake. "Hapa hakuna kitu. Umeila?"

Nikabishana naye. Mbona santuri ya kwanza ilipiga sawa? Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejibu vizuri bila kujua. Ndiyo, akasema, ya kwanza ni ska. Kwenye ska besi ni lile gitaa la kusimama, refu kama mtu, na kazi yake ni kutembea tu chini ya miguu ya tarumbeta. Ukiipunguza, nyumba bado imesimama. Hii ya pili ni rocksteady. Mnamo 1966 mwendo ulipungua, wapulizaji wakarudi nyuma, mpiga ngoma akaacha mapigo mengi na kubakiza lile zito moja, na nafasi iliyoachwa wazi ikachukuliwa na besi ya umeme, ambayo sasa haitembei tena. Inaongea, inanyamaza, inaongea. Wako wanaosema ni joto kali la mwaka ule ndilo lililowachosha wachezaji. Pops alicheka. "Jamaika kulikuwa na baridi lini?"

Santuri aliyokuwa ameiweka ilikuwa ya The Paragons, ule wimbo wa mawimbi yanayojaa ambao wengi wetu tuliujua kwa bendi ya Blondie bila kujua kwamba John Holt aliutunga na kuurekodi 1967. Ilirekodiwa Bond Street, Kingston, ghorofani juu ya duka la pombe la Duke Reid, askari polisi mstaafu ambaye kabla ya studio alikuwa na mtambo wa mitaani kama huu niliokuwa nimeukalia. Clement Dodd aliyefungua Studio One 1963, hadithi ni hiyo hiyo: mtambo kwanza, studio baadaye. Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu. Watu hawa hawakutengeneza nyimbo halafu wakatafuta spika za kuzipigia. Walikuwa na spika uwanjani, na walitengeneza nyimbo za kuzijaza.

Marehemu, akiwa kijana, alibeba masanduku ya mtambo mmoja Kingston kabla ya kuja Uingereza 1962. Aliwahi kuziona amplifaya za Hedley Jones, aliyekuwa fundi wa rada katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita na akarudi nyumbani kuwaundia wenye mitambo mashine ambazo hazikuwepo dukani. Kwa hiyo ile 0.1 haikuwa sufuri iliyomponyoka mtu. Kapasita ni kama mlango: ukiwa mwembamba, sauti nyembamba hupita na nene hubaki nje. Marehemu alipanua milango yote makusudi. Mimi nikaja na elimu yangu ya Barabara ya 12 nikaifunga.

Nikarudi kukaa chini na chuma cha kulehemu. Usiku ule kiwandani nilituma udhuru.

Nilipokuwa nafanya kazi (polepole, maana volti mia tano za humo ndani hazina utani) Pops alinipigia santuri nyingine kwenye gramafoni yake ndogo, akinitafsiria maneno yao ya patwa. Mbili alizipiga mfululizo, na hapo nilicheka mpaka nikaweka chuma chini. Ya kwanza ni ya Prince Buster, 1963, anamrushia Derrick Morgan madongo kwamba kamwibia muziki na kwenda kumpelekea mfanyabiashara mwenye asili ya Kichina, Leslie Kong. Ya pili ni Morgan anajibu. Maneno ya Buster hayakuwa mazuri, na Pops alikiri. Lakini mimi nilikulia Tanga ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu. Shangazi yangu aliacha kusalimiana na jirani yake miezi mitatu kwa sababu ya wimbo, na wimbo wenyewe haukumtaja mtu. Nikamwambia Pops, sisi hii tunaiita mipasho. Akalirudia neno hilo mara nne tano mpaka likamkaa mdomoni. Tangu siku hiyo kila akigombana na mtu wa posta lilikuwa mipasho.

Saa nane usiku nikaunganisha tena. Paragons wale wale, santuri ile ile. Besi iliingia, sijui niseme iliingia wapi, kwa sababu haikuingia masikioni. Magoti yalijua kwanza. Kikombe kikaanza kutembea juu ya sanduku, hatua ndogo ndogo kuelekea ukingoni, Pops kakikodolea macho bila kunyoosha mkono. Kilipoanguka zulia likanywa chai yote. Jirani akagonga ukuta.

"Sasa," akasema Pops.

Usiku wa tisa wenyewe nyumba ilijaa mpaka ngazini. Samaki wa kukaanga, mkate mgumu, ramu, dhumna zikipigwa mezani kama risasi. Nilikaa karibu na amplifaya kama yaya. Pops alianza na nyimbo za Wamarekani weusi za miaka ya 50, maana mitambo ya Kingston iliishi kwa hizo kabla Wajamaika hawajaanza kurekodi za kwao. Kisha ska, kisha rocksteady, na baada ya saa tisa hizo za 1968 na kuendelea, mwaka ambao kundi la Toots lilitoa wimbo ulioliweka neno reggae kwenye lebo, kwa tahajia yao wenyewe. Hakutangaza chochote. Lakini ukisimama pale ulisikia mambo yakizaana, mjukuu akitoka kwa baba, baba kwa babu.

Katikati akapiga wimbo mmoja wenye ngoma tupu nyuma ya waimbaji. Hao wa ngoma walikuwa watu wa Count Ossie, marasta wa milimani nje ya Kingston, ambao Prince Buster aliwaleta studio wakati wakubwa wa mji wakiwaona wahuni. Nikauliza majina ya ngoma zao. Kuna besi, kuna repeater, na ya katikati inayoshika mwendo inaitwa funde. Nikamwambia kwetu fundi ni mimi. Na ngoma hizo kwa jumla huitwa nyabinghi, jina lililotoka kwetu, kwenye milima ya mpaka wa Uganda na Rwanda, kwa watu waliowasumbua wakoloni mwanzoni mwa karne ya ishirini. Pops yeye alikuwa na lake. Bibi yake alitoka St Thomas, kwenye watu wa Kumina, kizazi cha Wakongo walioletwa Jamaika baada ya utumwa kukomeshwa. Alikumbuka maneno mawili tu ya bibi. Malavu, pombe. Na langu, maji.

"Kwetu langu ni la kwangu," nikamwambia.

Akainua glasi yake. "Hata hili pia langu."

Malipo alinipa paundi arobaini, na santuri moja ndogo kutoka kwenye vitu vya marehemu. Lebo yake imekwanguliwa kwa sarafu pande zote mbili, huoni hata herufi. Walivyofanya wenye mitambo wa Kingston wakati ule: ukipata wimbo mkali kutoka Marekani unakwangua jina, mpinzani aje uwanjani na wapelelezi wake aondoke mikono mitupu. Kuna wimbo ambao Dodd aliufanya wa kwake namna hiyo, akauita kwa jina lake, na watu wa Duke Reid wakahangaika muda mrefu kuupata. Pops aliniambia marehemu hakuwahi kumtajia hata yeye hii ni ya nani, na kwamba nisiulize.

Ninayo hapa Tanga. Saksafoni inaanza peke yake, halafu piano. Mwaka juzi nilimpigia mpwa wangu, akaipenda, na kabla sijajua anafanya nini akatoa simu mfukoni aielekeze kwenye spika imtajie jina. Nikaifunika kwa kiganja.