Kipima maji cha simtanki: sasa tunakifunga kwa ufunguo

Kwa wanaokutana na mradi huu leo: ni kisanduku kinachopima kina cha maji kwenye simtanki na kuwasha pampu yanapopungua. Ndani kuna chipu ya ESP32, na juu ya tangi kimekaa kihisi cha JSN-SR04T kisichoingia maji. Vichache vinafanya kazi kwa majirani zangu hapa Tabata, na upimaji umetulia. Kilichobaki ni ulinzi, kwa sababu kila kisanduku kinahifadhi neno la siri la Wi-Fi la nyumba husika, nacho kimening'inia nje ambako fundi bomba au muuza maji yeyote anakifikia.

Jumamosi

Nimeanza kwa kusasisha zana. Esptool (zana ya kusoma na kuandika chipu hii kwa kompyuta) toleo la 5, lililotoka 2025, linataka Python 3.10 au mpya zaidi. Majina ya amri yamebadilika: write_flash sasa ni write-flash, burn_key ni burn-key, na esptool.py inaitwa esptool tu. Majina ya zamani bado yanakubalika ila unapewa onyo. Nimepitia skripti zangu zote na kuzinyoosha jioni hiyo hiyo. Anayefundisha vijana kwa maelezo ya zamani ayapitie mapema, maana mwanafunzi akikutana na onyo asilolielewa anaacha.

Jumapili

Nilimwomba mama mwenye nyumba ya jirani niteremshe kisanduku chake nimwonyeshe kitu. Tukakaa barazani, nikachomeka waya wa USB, nikaandika:

esptool read-flash 0 0x400000 nakala.bin

Megabaiti nne za flashi, yaani kumbukumbu ya chipu, kwa kasi ya 115200 huchukua zaidi ya dakika sita. Nikaipitisha ile faili kwenye strings, programu inayochomoa maandishi yanayosomeka, maandishi yakaanza kushuka kwenye skrini, na katikati yake likasimama jina la Wi-Fi yake, kisha neno la siri: jina la kifungua mimba wake na mwaka aliozaliwa.

"Mwanangu, kwa hiyo yeyote angeliona hili?"

"Angeliona mama. Waya huu na laptopu, basi."

Alinyamaza kidogo, akaniambia nikifunge kabla sijakirudisha juu. Yule mama alinipa neno hilo kwa kuniamini, na mimi ndiye niliyelitia ndani ya boksi. Kulilinda ni juu yangu.

Jumatatu na Jumanne

Kabla ya kufunga chochote nilisoma toleo la kila chipu. Bodi za Kariakoo huja zimechanganyika: unanunua mbili duka moja, esptool inakuambia moja ni revision v1.0, nyingine v3.0. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwaka 2019 mtafiti anayejiita LimitedResults alionyesha kwamba ukiuyumbisha umeme wa chipu kwa wakati barabara, unaweza kuuruka ulinzi wa ESP32 za zamani. Espressif, watengenezaji wa chipu hii, wakatoa v3.0, na ndiyo inayokubali Secure Boot V2, mfumo wa kukagua sahihi ya programu kabla haijawaka, kwa sahihi ya RSA ya biti 3072. Zile za v1.0 nimezitenga kwa kazi za mezani.

Namna inavyofanya kazi: ufunguo wa siri unabaki kwangu, alama ya ufunguo wa wazi inachomwa kwenye fyuzi za ndani ya chipu. Programu isiyo na sahihi yangu haiwaki. Fyuzi ikishachomwa hairudi, ndiyo maana espefuse, zana ya kuchomea fyuzi hizo, inakutaka uandike BURN kwa herufi kubwa kabla haijagusa kitu. Lakini ina njia ya mazoezi ninayoipenda mno: ukiongeza --virt, inachoma fyuzi za kufikirika. Nimefanya zoezi zima humo, nikasoma summary (muhtasari wa fyuzi) mstari kwa mstari, nikafuta, nikarudia. Kwa sisi tunaonunua bodi kwa pesa ya mfukoni, hii ni neema.

ESP32 ya kawaida ina nafasi ya ufunguo mmoja tu. Ukipotea, kisanduku hakipokei sasisho tena maisha. ESP32-S3 na C3 zinabeba hadi tatu, na uliovuja unaweza kuubatilisha, kwa hiyo bodi zijazo zitakuwa S3. Ufunguo wa sasa upo kwenye flashi mbili za USB, moja nimeipeleka kwa dada yangu Mbagala.

Alhamisi

Siku ya kazi yenyewe. Programu ya kuwashia, ikishaongezewa ulinzi, ilivimba ikapita kilobaiti 28 zilizopo kati ya anwani 0x1000 na 0x8000 za flashi, hivyo nimesogeza jedwali la sehemu (orodha ya jinsi flashi ilivyogawanywa) hadi 0xF000. Maana yake visanduku vya zamani havitasasishwa kwa Wi-Fi. Vyote vitateremshwa.

Jambo lingine ambalo wengi hulipita: kusimba flashi, yaani kuifanya isisomeke bila ufunguo, peke yake hakutoshi kwa sehemu ya NVS, na humo ndimo neno la Wi-Fi linamokaa. NVS ina usimbaji wake, na funguo zake huwekwa kwenye sehemu ya nvs_keys ambayo lazima uiongeze mwenyewe kwenye jedwali.

Mara ya kwanza kuwaka, chipu inajisimba yenyewe, na inaweza kuchukua hata dakika nzima. Umeme ukikatika hapo, flashi inaharibika na unaanza upya. Nilitumia pawabenki, sikutaka kubahatisha na umeme wa ukutani.

Bodi ya majaribio niliiacha kwenye hali ya uendelezaji, ambayo bado inaruhusu majaribio kwa waya. Nikasoma tena flashi yake, nikaipitisha kwenye strings: herufi zisizo na kichwa wala miguu. Nikaiwekea programu isiyo na sahihi, ikakataa kuwaka. Nilifurahi, nikaita watu wa nyumbani waje waone.

Kisanduku cha mama kimefungwa kwa hali ya mwisho na kimerudi juu ya tangi. Neno la siri la Wi-Fi amelibadilisha. Wikiendi hii nateremsha vile viwili vinavyotazama uchochoroni, halafu vilivyo ndani ya geti. Nikifika kwenye S3 nitaandika jinsi ya kubatilisha ufunguo.