Siku Moja na Mamba wa Kisiwa cha Kati

Saa kumi na moja alfajiri. Simu ya nahodha iliwatangulia majogoo wa Kalokol, mji wa Kenya ulio kando ya ziwa. "Kijana, upepo umetulia. Tuwahi." Ziwa Turkana ukilikuta limelala, ondoka upesi. Halina miadi na mtu.

Saa kumi na mbili na nusu. Kampuni moja ilituandikia wageni wanne. Walishuka saba. Jaketi za kuokolea tulikuwa nazo sita, na sisi ni wawili. Mzee, nahodha wangu, akakunja mikono: asiye na jaketi haingii. Nikakimbilia kwa wavuvi kuazima tatu. Moja ilinuka samaki mbuta mpaka mwenyewe akaniomba radhi, lakini inaelea.

Saa mbili. Tulikuwa tunakaribia Kisiwa cha Kati. Ni hifadhi ya taifa tangu 1983, kilomita za mraba tano tu za volkano, na ndani yake maziwa matatu yaliyokaa kwenye kreta, mashimo ya volkano: la Mamba, la Flamingo na la Tilapia. Wageni huogopa mamba watakaowaona kule juu. Mimi huogopa hapa pa kushukia. Mzee alizima mashine, tukautazama mchanga kwanza. Alama za tumbo zilikuwa mbichi, mkia umechora mstari katikati ya nyayo, na zote zilielekea majini. Tukasogea mita mia mbele.

Nikatoa amri yangu: hakuna kunawa, hakuna kusuuza viatu. Dakika mbili hazijapita, bwana mmoja ameinama na kandambili zake. Nilimvuta kwa jaketi, na haya sikuona.

Saa nne. Ukingoni mwa kreta, chini yetu mamba walilala kama magogo yaliyotupwa na mafuriko. Mtoto mmoja akauliza mbona wameachama, wana njaa? Hapana, joto limewazidi, wanajipoza. Joto likizidi zaidi wataingia majini, na huko ndiko huwaoni.

Tukiteremka upande wa pili nikasikia sauti, nyembamba, kama vifaranga walioachwa ndani ya debe. Ilitoka chini ya mchanga. Mayai hukaa humo karibu miezi mitatu, na joto la mchanga ndilo linaloamua nani awe dume, nani jike. Vitoto vikiwa tayari huita, na mama huja kufukua. Watu wote wakatoa simu. Mimi nikaangalia maji: macho mawili na ncha ya pua, hatua kama thelathini, yametutazama sisi. Yalipozama ndipo nilipopaza sauti. "Juu! Polepole, msikimbie!" Mama mmoja alinishika mkono mpaka kileleni, akauachia akiwa ameshaniachia alama za kucha.

Yule mamba hakutoka. Pengine alikuwa ameshaondoka zake. Sikungoja nijue.

Saa sita. Upepo ulitukuta njiani. Mawimbi yakaingia botini, yule bwana wa kandambili akashika dumu lililokatwa na kuteka maji bila kuambiwa, na aliteka vizuri kuliko mimi.

Saa nane. Kalokol. Nilirudisha jaketi mbili. Ile ya mbuta mwenyewe alikataa kuipokea, akasema nimuoshee kwanza.

Saa moja jioni. Ujumbe kutoka kampuni ileile: kesho wageni watatu. Nikamsomea Mzee. Alikuwa anakula, hata hakuinua kichwa.

"Azima sita."