Ulifika juu?

Jumapili, saa mbili asubuhi

Leo nimepanda na kushuka njia ya mawe ya nyuma ya nyumba mara tatu. Mara ya tatu nikamkuta jirani yangu, mama mtu mzima, anapumzika kwenye kivuli cha lile jiwe kubwa la kona, ndoo ya lita 20 kichwani na mikono yote miwili kiunoni. Kwa wasioijua Igogo, hapa Mwanza: huku nyumba zimepandana juu ya miamba, na maji yakikatika bombani unayafuata bondeni kwa miguu yako mwenyewe.

“Mwangaluka mayu,” nikamwamkia kwa Kisukuma.

Akaitika, akanitazama viatu, halafu likaja lile swali. “Ehe, mwalimu. Ule mlima, ulifika juu?”

Tangu nirudi kutoka Kilimanjaro nimeulizwa hivyo na mkuu wangu wa kazi, muuza dagaa na kondakta wa daladala. Jibu ni hapana, na wakishalisikia hakuna anayeuliza la pili. Sikwenda kufika juu. Kilele kiko mita 5,895, na likizo yangu na akiba yangu havikufika huko. Nililipia siku nne za njia ya Marangu, mwisho vibanda vya Horombo, mita 3,720, kisha kushuka. Raia analipa kiingilio nafuu sana kuliko mgeni, lakini kuna mwongozaji (huruhusiwi kupanda peke yako), wapagazi, chakula, na lile basi la alfajiri kutoka Nyegezi linalokupitisha Shinyanga, Singida na Babati mpaka magoti yanasahau kunyooka.

Marangu ni njia ya zamani na inayojulikana sana. Wengine huidharau kwa sababu unalala kwenye vibanda vyenye vitanda badala ya mahema. Mimi nilidhani nitatembea foleni siku zote nne. Kumbe foleni iko kwenye njia kuu tu. Ukiiacha kidogo, mlima unabaki wako.

Siku ya kwanza tulifika vibanda vya Mandara mchana, watu wakavua viatu wakangoja chai. Mwongozaji wetu, kijana wa Marangu, akasema, “Dada, kama miguu bado ipo, twende Maundi.” Ni mwendo wa kama robo saa ndani ya msitu wenye miti iliyoota ndevu, halafu miti inaisha ghafla na uko ukingoni mwa kreta, shimo dogo la volkano ya kale. Ndani imeota nyasi, imetulia kama bakuli lililosahauliwa nje. Upande mmoja unaona kilele cha Mawenzi kimechongoka, upande mwingine tambarare za Kenya. Mtu wa Mwanza akipanda juu ya jiwe macho yanatafuta ziwa yenyewe. Nilitafuta, halafu nikajicheka. Tulikaa pale nusu saa, hakupita mtu.

Usiku ule huko msituni kitu kilianza kulia. Kilianza kama mlango mkavu unaofunguliwa, kikapanda, kikaishia kwenye ukelele wa mtu anayekabwa. Nilikaa kitandani nimeshika tochi. Asubuhi mwongozaji alicheka mpaka akainama. “Perere huyo, dada. Ndugu wa pimbi.” Pimbi! Wale wanaoota jua kwenye mawe ya kisiwa cha Saanane, wanene, wapole, hawana hata neno! Sikujua kwamba ukoo huo una mnyama wa kelele namna ile.

Njiani kwenda Horombo soli ya kiatu changu cha kulia ilifungua mdomo kama sangara. Viatu vya mitumba, nilivinunua kwa kujisifu. Mpagazi mmoja alisimama, akatua mzigo, akatoa kamba ya manila na kuizungusha mara tatu chini ya soli. Fundo lake lilikuwa upande wa nje wa mguu, si juu. Alisema juu litanikata kwenye kushuka, na kweli lisingeniacha salama. Kamba hiyo ninayo bado.

Siku ya tatu ndiyo niliyoilipia, hata kama sikujua wakati ule. Wengi wanaoendelea Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, hulala Horombo usiku mmoja wa ziada ili mwili uzoee hewa nyepesi. Mchana huo wengine wanalala tu, wengine wanakwenda Mawe ya Pundamilia na kurudi. Nilikuwa nimejidanganya kwamba sisi wa Mwanza tumeshazoea, maana ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mita 4,000 nilikuwa nahesabu hatua ishirini, nasimama.

Mawe yale ni ukuta mweusi wa zaha, mawe ya volkano yaliyoganda. Maji yanayotiririka juu yake miaka nenda rudi yameacha milia ya chumvichumvi, nyeupe na nyeusi. Nilipitisha kidole kwenye mstari mweupe nikitegemea ungefutika kama chaki. Haukufutika.

Baada ya hapo tukaendelea kwa njia ya juu, inayoelekea upande wa Mawenzi, badala ya kurudi. Hapo nilikutana na lobelia kwa karibu. Mmea wenyewe ni kama kabichi lililokomaa, na katikati ya majani yake kulikuwa na maji yenye ngozi nyembamba ya barafu, saa tatu asubuhi. Mwongozaji akasema usiku majani hujifunga kulinda kitovu cha mmea. Senesio, mimea mirefu kama miti, nazo hazitupi majani yao yaliyokufa. Yanabaki yamening'inia kwenye shina, koti la baridi.

Tukipumzika alinisimulia njia nyingine. Umbwe, ambayo ni mwinuko tu na sehemu nyingine unashika mizizi kwa mikono. Rongai, upande wa kaskazini karibu na Kenya, kukavu zaidi kwa sababu mvua nyingi hunyesha kusini. Alipoitaja Umbwe aligusa magoti yake.

Tulirudi kwa njia ya chini, kwa hiyo tukapita kwenye kibao cha maji ya mwisho. Zaidi ya hapo, mpaka Kibo, hakuna chemchemi. Kijana mmoja alikuwa amejaza dumu, akakunja fulana yake ya zamani ikawa kata, akapiga goti moja, akalipandisha kichwani kwa pumzi moja. Wapagazi huitana “wagumu”. Nilimpisha, na alinisalimia mimi kwanza.

Hilo la mwisho ndilo nililomsimulia jirani leo. Milia haikumgusa. Kreta hakuielewa, akauliza kama kuna samaki. Nilipofika kwenye maji akageuka kidogo, ndoo haikutikisika.

“Yaani huko juu kote hakuna bomba?”

“Kuanzia hapo mpaka Kibo hakuna, mayu. Wanabeba.”

“Kichwani?”

“Kichwani, na kata kama yako.”

“Na wanalipwa?”

“Wanalipwa.”

“Eee,” akasema. Akafikiri kidogo, akaondoka na ndoo yake. Mimi nilikaa kwenye jiwe kuvuta pumzi, na nilipoinua macho alikuwa ameshapita kona ya juu.