Siku moja maishani mwangu: Ijumaa ya mchujo, Muthaiga

Saa kumi na robo alfajiri

Naizima simu kabla haijamwamsha mtoto. Kengele yenyewe sikuihitaji, maana niko macho tangu saa tisa nikipiga hesabu. Jana tulimaliza raundi ya kwanza ya mashindano ya gofu ya Kenya Open tukiwa mikwaju miwili juu ya kiwango cha uwanja, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa; kadiri ilivyo michache ndivyo bora. Leo ni raundi ya pili, na jioni mstari utachorwa. Wachezaji 65 wa kwanza, pamoja na wote waliofungana na wa 65, watacheza Jumamosi na Jumapili. Wengine watafunga mabegi.

Nasema "tulimaliza" kana kwamba nagonga mpira. Mimi ni kedi, mbeba begi na mshauri wa mchezaji. Ila ukishabeba begi la mtu mashimo 18, huwezi tena kusema "alikosa". Unasema "tulikosa".

Chai ya rangi, mkate wa jana, viatu ambavyo nilivipiga brashi usiku. Kutoka Mathare hadi klabuni natembea. Navuka Barabara ya Thika kwa daraja la waenda kwa miguu wakati matatu za kwanza zinapita chini zikiwa na abiria watatu watatu. Baridi ya Februari saa hizi ni ya kweli, anayefikiri Nairobi ni joto mwezi huu hajawahi kuamka.

Saa kumi na moja na nusu

Makedi tunakutana kabla jua halijachomoza. Kuna mzee wetu mmoja anayesema alikuwepo mwaka 1978 Seve Ballesteros, yule nyota wa Hispania, aliposhinda Kenya Open. Mkwaju anaousimulia huongezeka yadi kumi kila mwaka, na hakuna anayembishia, kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha wengi kusoma grini, zile nyasi fupi zenye shimo. Mashindano haya yalianza 1967. Kuanzia 1991 hadi 2018 yalikuwa kwenye Challenge Tour, ile ngazi ya pili ya Ulaya, na mwaka 2019 yakaingia ratiba kuu, ambayo siku hizi inaitwa DP World Tour. Mzee hupenda enzi za ngazi ya pili. Anasema vijana wa wakati ule walikuja mifuko mitupu, wakachukua kedi wa hapa, wakala naye chapati. Sasa zawadi ni kubwa (mwaka 2025 zilikuwa dola milioni 2.5 kwa jumla), na wachezaji wengi wanashuka uwanja wa ndege na kedi wao wa kudumu. Begi la kubebwa na mwenyeji limekuwa la kutafutwa.

Mimi nililipata kwa bahati. Mchezaji wangu ni kijana wa Denmark, miaka 26, na huu ni msimu wake wa kwanza. Kadi yake, kibali cha kucheza ratiba hiyo kuu, aliipata kwenye mashindano ya kufuzu kule Hispania, raundi sita mfululizo, mashimo 108. Kedi wa kudumu hana uwezo naye bado. Kedi wa namna hiyo anahitaji mshahara wa kila wiki, ticha atacheza vizuri au vibaya, na kijana mwenyewe tayari analipa ndege, hoteli na kocha. Kwa hiyo kila nchi anachukua mwenyeji. Desemba alikuwa Afrika Kusini na Mauritius. Kwenye mashindano makubwa ya Dubai ya Januari hakupata nafasi, akayatazama kwenye simu. Kisha Ras Al Khaimah, Bahrain, Qatar, halafu hapa. Jumatatu anaruka tena kwenda Afrika Kusini. Nilipomuuliza Jumanne kwao ni wapi hasa, alifikiri kidogo, akasema ni pale sanduku lake lilipo.

(Ndiyo, wachezaji tunawaita maticha. Sijui nani alianza.)

Saa kumi na mbili na robo

Karatasi ya ratiba inasema 7:20, yaani saa moja na dakika ishirini, tunaanzia shimo la 10. Mambo ya saa yaliwahi kunitia aibu. Miaka ya nyuma nilimwandikia mchezaji mmoja kwa Kiingereza changu cha haraka kwamba tukutane "12 asubuhi". Alinipigia usiku ule kuuliza kama huku watu hufanya mazoezi gizani. Tangu siku hiyo naandika saa za Wazungu na kuzisoma mara mbili, kwa sababu kuchelewa hakuna mchezo: ukifika ndani ya dakika tano baada ya wakati wako unaongezewa mikwaju miwili, zikipita tano umeondolewa.

Nahesabu fimbo. Nahesabu tena. Sheria inaruhusu 14, na ya 15 inagharimu mikwaju miwili kwa kila shimo ulilocheza nayo, mwisho minne. Kosa hilo likitokea, hakuna anayemtazama mchezaji, wote wanamtazama kedi. Halafu maji, ndizi, mipira, glavu tatu, mwavuli ambao hautafunguka, taulo moja kavu na moja mbichi. Begi lote linakaribia kilo 20. Mgongo wangu unalijua kuliko mizani.

Kwenye uwanja wa mazoezi nasimama kando nikiwatazama wengine zaidi ya yeye. Nataka kuona mipira inatua wapi katika hewa hii ya baridi.

Saa moja na dakika ishirini

Tunaondoka. Watatu kwenye kundi, makedi watatu, mimi pekee mwenyeji.

Wanaotazama kwenye runinga hudhani kedi ni punda mwenye kofia. Nusu ya kazi ni kweli ni ya punda. Kufukia nyasi zilizong'oka, kusawazisha mchanga, kusafisha mpira kwenye grini, kusimama mahali ambapo kivuli chako hakimgusi mtu. Tangu 2019 hata mahali pa kusimama pameandikwa sheria: mchezaji akishaanza kupanga miguu yake, kedi haruhusiwi kusimama nyuma ya mpira kwenye mstari wa mkwaju. Nusu ya pili ya kazi haionekani. Ni kujua lini useme na lini unyamaze, na katika hiyo nusu ya pili ndiko nilikoshindwa leo.

Shimo la 12. Kitabu chetu cha vipimo kinasema yadi 150 hadi bendera. Mimi nimekulia kwenye yadi, yeye kwenye mita, kwa hiyo kila mkwaju tunatafsiriana kama mahakamani. Yadi 150 ni mita 137. Sasa ongeza mwinuko. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko kwao. Yeye alikwisha pima kwenye mazoezi kwa kile kijisanduku chake cha rada na kupata kwamba apunguze asilimia nane. Mita 137 ikawa 126. Akashika weji, fimbo ya mikwaju mifupi.

Tatizo ni kwamba alipima Jumanne saa nane mchana, jua kali. Hii ni asubuhi. Hewa ni nzito, mpira wenyewe baridi. Nikamwambia achukue fimbo inayofika mbali zaidi: "Aini 9. Saa hizi hapa hapatoi." Akatazama daftari lake. Namba zilikuwa zimeandikwa vizuri, kwa wino wa bluu. Mimi sikuwa na daftari la kumwonyesha, nilikuwa na miaka kumi na minne ya kutembea kwenye nyasi hizi. Ningeweza kusema mara ya pili. Sikusema.

Weji ikapanda vizuri, ikaanguka mita saba pungufu, kwenye mchanga. Tukatoka na bogi, mkwaju mmoja juu ya kiwango cha shimo. Nilisawazisha mchanga ule polepole kuliko ulivyohitaji.

Kedi wa Kiingereza aliyekuwa nasi, mtu wa makamo mwenye magoti mabovu, alinisogelea tukielekea shimo la 13. Akanong'ona kwamba mara ya kwanza unatoa ushauri, mara ya pili unalinda kazi yako. Sikuwa na hakika alimaanisha niseme au ninyamaze, na yeye hakufafanua. Aliendelea kuchechemea.

Saa tatu na nusu

Jua limepanda na kila kitu kimebadilika. Sasa mpira unaruka. Sasa asilimia nane yake ni sahihi, na ananitazama kwa jicho la "unaona?". Naona. Nanyamaza. Tunapata bedi moja, mkwaju mmoja chini ya kiwango cha shimo, kisha ya pili.

Rafu ya hapa, yaani nyasi ndefu za kando, ni nyasi za kikuyu, zile zile zinazoota kando ya barabara Kiambu na Limuru. Zimesafirishwa hadi viwanja vya California, Australia na Afrika Kusini, lakini asili yake ni nyanda zetu za juu. Ni nyasi nene, za kutambaa, zinashika shingo ya fimbo kama mkono. Mpira ukikaa juu yake unaonekana umetengwa mezani, mgeni anafurahi, anaupiga kwa ulaini, na fimbo inasimama katikati. Nilimwambia tangu Jumanne: humu ndani usibembeleze, kata. Hilo alilisikia. Kwenye shimo la 3 alikuwa kwenye rafu hadi kifundo cha mguu, akaushusha mkono kwa nguvu zote, mpira ukatoka na kipande cha nyasi kikubwa kama sahani, ukalala hatua mbili kutoka bendera. Watoto wa shule waliokuwa kando ya kamba wakapiga mayowe. Mwalimu wao akawanyamazisha, ingawa yeye ndiye alipiga la kwanza.

Saa tano na dakika arobaini

Tuko shimo la 7, tumebakiza matatu, na kwa mikwaju ya siku mbili tuko mmoja juu ya kiwango. Pata ya mita nne, mkwaju wa kusukumia mpira shimoni. Tangu Alhamisi amekuwa akisoma grini peke yake, amechuchumaa, viganja kwenye paji kama anayetafuta meli. Leo hii akageuka. "Wewe unaona nini?"

Niliona ambacho kila kedi wa hapa anakiona. Macho yanakwambia mpira utapinda kushoto, lakini uwanja mzima unavuta kuelekea bondeni, na nyasi saa hizi zimelalia jua. Nikamwambia apige moja kwa moja, ukingo wa ndani kulia, asiogope. Akafanya hivyo. Ukaingia katikati.

Hakusema kitu. Alinirushia mpira niufute, nami nikaufuta.

Mashimo mawili ya mwisho yalikwenda bila kisa. Mikwaju 69. Siku mbili pamoja, sawa na kiwango kabisa.

Saa sita na nusu mchana

Sasa ndiyo kazi ngumu ya siku, na haina begi. Nusu ya wachezaji ndiyo kwanza wanatoka. Tumekaa pale pale ambapo mstari unaweza kuangukia, na hakuna anachoweza kufanya mtu yeyote isipokuwa kungoja alama za wengine. Yeye akaenda kwenye chumba cha wachezaji. Mimi nikatoka nje hadi kibandani, chapati mbili na ndengu.

Mama wa kibanda anajua mashindano kwa nyuso zetu. "Mmepita?"

"Bado, mama."

"Basi kula, utalipa mkipita." Anacheka, lakini chapati ya tatu aliiongeza kweli.

Hesabu yangu ni hii. Tulikubaliana malipo ya wiki, hayo nitapata kwa vyovyote. Juu yake kuna desturi ya kazi hii dunia nzima: asilimia tano ya zawadi akipita mchujo, saba akiingia kumi bora, kumi akishinda. Hata anayemaliza wa mwisho kati ya waliopita hutia mfukoni dola elfu kadhaa. Asilimia tano ya hizo ni kodi ya nyumba yangu miezi kadhaa. Asiyepita hagusi mgao huo, na asilimia tano ya sifuri sihitaji kitabu cha vipimo kuijua.

Saa tisa

Upepo. Mdogo, lakini upo. Makedi wote tuliomaliza asubuhi tumekaa chini ya mti mmoja tukitazama majani yake kama watu wa hali ya hewa. Simu inapitishwa mkono kwa mkono. Ubao unasema kwa sasa tuko nje kwa mkwaju mmoja. Kijana mmoja aliye juu yetu akapata bogi, tukashangilia kimoyomoyo, na mzee akatukemea: "Msimwombee mtu mabaya. Naye ana kedi."

Tulinyamaza kama dakika tatu. Kisha mmoja akauliza, "Lakini kedi wake ni wa hapa?"

"Ametoka naye Scotland."

"Aaa."

Saa kumi na moja jioni

Mstari unasogea, unarudi. Tuko ndani. Tuko nje. Nimeacha kutazama, nikaenda kusafisha fimbo ambazo zilikwisha kuwa safi. Nyuzi za nyasi zilizobaki kwenye aini 9 tangu jana nilizitoa kwa kijiti cha kiberiti. Hatukuitumia hata mara moja asubuhi ile.

Saa moja kasoro dakika tano

Niko nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, mtoto anaigiza kupiga gofu kwa mwiko wa mama yake. Simu inalia mara moja. Ujumbe kutoka kwake: "6:50. Shimo la 1."

Basi. Hakuna shimo la 12 ndani yake, hakuna asante, hakuna hata alama ya kucheka. Kuanza mapema hivyo maana yake tuko mkiani kabisa mwa waliopita, kundi la kwanza kutoka, umande bado uko chini.

Naandika 6:50 kwenye karatasi, chini yake naandika saa moja kasoro dakika kumi, na chini yake: baridi, aini 9. Kisha narudisha kengele hadi saa tisa na nusu na kumwambia mtoto alete mwiko.